Maboksi ya Joyceline

Dorothea alipolisikia jina la Joyceline likitoka kinywani mwa mume wake, tena mezani kwake, tena akiwa katikati ya kumpakulia, aliuweka upawa chini polepole. Hakuutupa. Wanaomfahamu Dorothea watakwambia kwamba akitupa kitu, mambo bado ni nafuu.

"Rudia ulichosema," akamwambia.

Elimringi alijikohoza. Ni mtu mwenye mwili mkubwa na sauti ndogo, na kila anapotaka kusema jambo zito huanza kwa kukunjakunja kitambaa cha meza. "Nimesema mwanetu Angel amepiga simu. Kuna huduma huko kwao Houston, wanapika chakula cha kiafya, chakula chetu sisi. Ugali wa dona, mchicha, samaki wa kuchoma. Wanakipima, wanakifunga kwenye maboksi, na kila Jumamosi wanakileta hadi hapa DeSoto. Unaweka kwenye friji, siku ikifika unapasha. Nikafikiri tujaribu."

"Na mwenye huduma?"

"Si nimeshakutajia, mke wangu?"

"Nataka nilisikie tena hilo jina likipita kwenye meno yako."

"Joyceline," akasema Elimringi, akaendelea na kitambaa.

Haya. Joyceline huyo hakuwa mtu baki. Alikuwa shoga yake Dorothea, chanda na pete, watu wa Machame wote wawili, hadi mwaka 2017 kwenye sendoff ya Angel, sherehe ya kumuaga binti kabla ya harusi. Dorothea aliipika shughuli nzima kwa mikono yake: pilau, kuku, na sufuria la machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, ambalo wanaume wawili walilinyanyua kwa kuhema. Joyceline aliomba aruhusiwe kuleta kitu kimoja tu, saladi ya viazi na mayai iliyojaa mayonizi. Kadi ilisema saa kumi jioni. Lakini nani kati yetu amewahi kufika saa kumi? Upande wa bwana harusi uliingia giza limeshatanda, wamejipanga mstari, vigelegele, sare za kitenge, na muda wote huo saladi imekaa kwenye buti la gari la Joyceline, mwezi wa sita, Texas. Kulipopambazuka nusu ya wageni walikuwa wanagombea vyoo vya hoteli. Mama Edson, mama mzazi wa bwana harusi, alitundikiwa dripu.

Na Joyceline ndiye aliyetangulia kuandika kwenye kundi la wasap la akina mama. "Poleni sana jamani. Mimi nilimwambia Dada Dorothea ile nyama isilale nje, akaona namfundisha kazi." Uongo mkavu, asubuhi na mapema, kabla hata Mama Edson hajatolewa sindano mkononi! Nyama haikulala nje hata kidogo. Ila aliyetangulia kusema ndiye aliyesikika, na Dorothea alipojibu akaonekana anajitetea.

Tangu hapo, ukitokea msiba au ubarikio wa kanisani na wanawake wakigawana vya kupika, Dorothea hupangiwa maji na soda. Maji na soda! Mwanamke ambaye zamani watu walikuwa wanauliza kwanza kama yeye ndiye anapika, ndipo waamue kama watahudhuria. Mama Edson naye, mkwe wake, akija kuwatembelea huja na kihotipoti chake ndani ya mkoba, anakiweka mezani, anasema siku hizi tumbo lake halitaki mambo mengi. Dorothea humchekea, kisha huenda kujifungia bafuni akalia kwa hasira hadi akatoka macho mekundu. Joyceline yeye akahamia Houston, akafungua biashara ya chakula, akaipa jina Salama Mezani. Salama! Uso mkavu namna gani huo?

"Thubutu," Dorothea akamwambia mume wake. "Chakula cha yule mwanamke hakiingii humu ndani nikiwa hai."

"Basi nipikie wewe kama daktari alivyosema."

Elimringi ana sukari, na si sukari ya kuitania tena. Kazi yake ni ya ghalani Fort Worth, siku nzima ameketi juu ya mashine ya kunyanyulia mizigo, na jioni anakula kama mtu aliyetoka kulima. Mwezi ule vipimo vilionyesha figo zimeanza kuvujisha protini. Daktari aliwaeleza kwa upole, lakini Dorothea hakuhitaji upole wala maelezo, kwa sababu yeye ni nesi wa wodi ya figo. Kila anapoingia zamu anawakuta wanaume wa rika la Elimringi wamelazwa wakiwa wameunganishwa na mashine, damu inatoka huku inarudi kule, wanaangalia dari. Aliwajua kwa majina. Aliwajua na wake zao pia.

Kumpikia alishajaribu. Alichemsha mboga, akachoma samaki, akaweka ugali wa kufunikwa na kiganja. Elimringi alikula, akashukuru, akakaa akiitazama sahani. Na mkono wa Dorothea wenyewe ukaenda kwenye sufuria ukamwongeza. Amelelewa hivyo; kwa mama yake, mume kuuona mchoro wa ndani ya sahani yake ilikuwa ni fedheha ya mke, na yeye kumpakulia mume chakula cha kupimwa ilikuwa ni kama kumtukana. Akiongeza kijiko anaongeza na cha pili, mchuzi unafuata, nyama inafuata. Asubuhi anampima sukari kidoleni na kumgombeza kwa chakula alichompa yeye mwenyewe. Siku Dorothea akiwa zamuni ndiyo usiseme, Elimringi anajipikia dona la kushibisha familia.

Kuna huduma nyingine walishajaribu, ya Wamarekani. Elimringi alitafuna vijipunje fulani visivyo na jina, akasema bora afe.

Kwa hiyo Dorothea alikaa na wazo hilo la maboksi kwa siku kadhaa, akilizungusha huku na huku. Na ndipo likamjia jambo ambalo lilimfanya atabasamu peke yake akiwa kwenye foleni ya magari. Mtu anayesafirisha chakula kutoka Houston hadi DeSoto, mwendo wa karibu saa nne, kwa joto hili, tena mtu mwenyewe ni Joyceline! Atateleza. Lazima atateleza. Na siku atakayoteleza, chakula kitakuwa mikononi mwa nesi mwenye kipimajoto.

"Baba Angel," akasema jioni ile, sauti laini kama ya siku za uchumba. "Nimefikiri. Tuyajaribu hayo maboksi."

Elimringi alimtazama. "Umefikiri nini hasa?"

"Afya yako."

"Mh," akasema mzee wa watu, lakini alikuwa na njaa ya kupona, akaagiza.

Joyceline alikuwa anaendesha gari la mzigo yeye mwenyewe, anasimama kwenye maegesho ya kanisa moja pale DeSoto, wateja wanapanga foleni. Elimringi ndiye aliyekwenda kuchukua. Alipofika tu nyumbani Dorothea alimpokonya mfuko, akafungua boksi la kwanza, akachomeka kipimajoto katikati ya samaki. Baridi safi. Akachomeka kwenye mchicha. Baridi safi. Akanusa maharage, akapekua mchicha jani kwa jani akitafuta hata unywele. Hakuna kitu. Alisonya msonyo uliofika sebuleni.

Wiki iliyofuata hivyo hivyo. Na iliyofuata. Chakula kilikuwa kizuri, na hilo ndilo lililomkera kuliko yote; mchicha ulikuwa na karanga kidogo tu, mtori, ile supu nzito ya ndizi, haukuwa na siagi lakini ulikuwa mtori, na Elimringi alikula boksi lake moja, akalikwangua, akalitupa, akanyanyuka. Boksi halina nyongeza. Hakuna mke wa kutazamwa kwa macho ya kuomba huruma. Sukari ikaanza kushuka. Mkanda ukarudi tundu moja, kisha jingine. Vidole vya miguu vilivyokuwa vinawaka moto usiku vikatulia, na kwenye vipimo vya mwezi wa saba daktari aliwaonyesha karatasi akicheka.

"Nampigia Joyceline kumshukuru," Elimringi akasema wakiwa ndani ya gari.

"Mpigie uone."

Hakupiga. Dorothea aliendesha huku machozi yamemjaa, na hakujua kama ni ya furaha au ya sumu. Mume wake anapona, na anaponywa na yule aliyempaka yeye matope! Alimwomba Mungu mambo mawili kwa pamoja, Elimringi asirudi nyuma na Joyceline aharibikiwe, na hakuona kosa lolote katika sala hiyo.

Mwezi wa nane, Jumamosi ya joto la kuunguza, mfuko ulifika umelegea. Barafu za ndani zilikuwa maji. Dorothea alichomeka kipimajoto kwenye samaki, namba ikapanda, ikapanda, ikapita mahali ambapo chakula cha mgonjwa hutupwa bila majadiliano. Dorothea alitabasamu kama mtu aliyeona gari la maharusi.

"Zima hiyo maikrowevu," akamwambia Elimringi. "Hakuna anayekula hiki." Akalibeba boksi, akachukua na uma, akatoka na viatu vya ndani.

Foleni ilikuwa bado ipo pale kanisani. Joyceline alikuwa amesimama nyuma ya gari, amenenepa kidogo, amevaa aproni ya kijani, anatoa mifuko haraka haraka na kujifuta jasho. Alipomwona Dorothea mikono ilisimama.

"Dada Dorothea. Karibu."

"Chakula chako kimepata joto, Joyceline."

"Najua, dada, mashine ya baridi imesumbua njiani. Nawaambia watu wakifika nyumbani wakipashe hapo hapo. Hela yako nitakurudishia..."

"Sitaki kurudishiwa." Dorothea alifungua boksi, akaweka juu ya mfuniko wa sanduku la barafu, akachomeka uma katikati ya samaki. "Onja."

Wengi wa foleni hawakuelewa, lakini Joyceline alielewa vizuri kabisa. Kwao Machame mwenye mbege, pombe ya ndizi na ulezi, akimimina, hupiga funda la kwanza yeye, ndipo ampe mgeni kata. Asiyetaka kutangulia, pombe yake hainywewi na mtu, na sababu haiulizwi.

"Dada, mbele za watu?"

"Sikukuita pembeni, na wewe mwenzangu siku ile hukuniita pembeni. Onja."

"Aki si uonje tu, auntie, twende nyumbani," akasema Kariuki, kijana mmoja Mkenya aliyekuwa nyuma na mifuko yake miwili. "Kwani iko nini?"

Joyceline alichukua uma. Alikata kipande, akakipandisha mpaka karibu na mdomo, na pale kikasimama. Kila mtu alimwona akikinusa. Alimtazama Kariuki, akatazama ile mifuko aliyokwisha kuigawa, akateremsha uma.

"Jamani, msile," akasema. "Rudisheni. Msile."

Mwingine angeishia hapo. Dorothea hakuwa amekuja kwa ajili ya samaki. "Na ile saladi ya sendoff ya mwanangu," akauliza, polepole, kila mtu asikie, "uliionja?"

Simu mbili tatu zilishainuliwa zinachukua video. Joyceline aliinamisha kichwa.

"Niliinusa," akasema. "Nilipofungua buti niliinusa. Ilikuwa imeshachacha."

"Na ukaiweka mezani."

"Wakwe zako walikuwa wanaingia, dada. Ningeonekanaje, mimi rafiki yako, nimefika mikono mitupu? Niliona aibu. Nikachanganya vitunguu zaidi, nikasema labda..."

"Na asubuhi lawama ukanivika mimi."

"Nikakuvika wewe." Alikuwa analia sasa. "Nisamehe, Dada Dorothea."

"Sikusamehi ng'o," Dorothea akasema, akageuka akarudi kwenye gari lake. Na tusidanganyane, alijisikia vizuri mno. Aliimba njia nzima.

Video ilifika kwenye kundi la akina mama kabla yeye hajafika nyumbani. Wee, acha! Waliomgawia maji na soda miaka miwili mizima walijaa kwenye simu yake, pole dada, tusamehe dada, mimi moyoni nilijua dada. Aliwajibu mmoja mmoja kwa ufupi, akijiramba midomo. Wateja wa huku wakamkimbia Joyceline, na juma halikuisha Joyceline akatangaza kwamba gari lake halitakuja tena DeSoto. Kisha Mama Edson akapiga simu mwenyewe. "Mkwe wangu," akasema, "nina aibu hata ya kusema. Jumamosi ya wiki ijayo tunakuja kwako na akina mama wenzetu. Tunakuja kula." Dorothea alikaa chini kwenye sakafu ya jikoni simu ikiwa sikioni. Alikuwa ameisubiri sentensi hiyo kama mtu anavyosubiri majibu ya hospitali.

Katikati ya furaha hiyo, nani angekumbuka kupima chakula? Alimpikia mume wake kwa shangwe, akampakulia kwa shangwe, akamwongeza bila kuombwa. Friji haikuwa na boksi hata moja. Kipimo cha asubuhi kikaanza kupanda, na usiku Elimringi akarudia kusugua miguu chini ya shuka. Hakulalamika. Dorothea alisikia miguu ikisuguana, akajiambia Jumamosi ikipita atajipanga.

Jumamosi ikafika. Alipika tangu juzi yake, akawapokea wageni kwa gauni jipya. Elimringi hakuwepo, alitoka alfajiri, akaacha ujumbe kwamba ana safari ndogo. Wageni walikaa, wakaomba Mungu, wakapakuliwa, na Mama Edson, ambaye mkoba wake siku hiyo ulikuwa mtupu, akaomba machalari mara ya pili. Dorothea alimpakulia hadi sahani ikajaa. Kama angekufa dakika ile asingedai kitu.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Elimringi amebeba sanduku la barafu, shati limelowa jasho mgongoni. Aliwasalimia wageni, akapita hadi kwenye friji, akaanza kupanga. Maboksi yalikuwa na lebo ya kijani, na kila mwanamke pale mezani aliijua lebo hiyo. Vijiko vilisimama.

"Umetoka wapi?" Dorothea akanong'ona.

"Houston."

Alinawa, akaketi mahali pake. Sahani yake ilikuwa tayari, Dorothea ameijaza mapema kabisa, pilau, machalari, kuku, mpaka nakshi za pembeni hazionekani. Pembeni yake Elimringi aliweka boksi moja. Kisha akainama kwa mke wake, na ile sauti yake ndogo.

"Mama Angel, najua ulivyoingoja siku hii. Ukitaka nile hiki chako mbele ya wageni, nakila. Nitakimaliza na nitaomba tena, wala hutanisikia nikisema lolote kesho. Lakini asubuhi kipimo kilikuwa kibaya. Wewe ndiye unayezijua figo. Niambie nile kipi."

Alitaka ale chake. Tuseme ukweli, alitaka mpaka akahisi kizunguzungu. Mume aliyeketi kwenye meza yake mwenyewe asile chakula cha mke wake, mbele ya Mama Edson, mbele ya kundi zima, siku hii kati ya siku zote! Na ale kidogo basi, siku moja inaua nani? Akafungua mdomo amwambie hivyo. Lakini sentensi hiyo alikwisha kuisikia, kila siku anaisikia, kutoka kwa wanaume wanaoangalia dari na wake zao walioketi kwenye viti vya plastiki pembeni. Siku moja inaua nani, nesi.

"Mkwe," akauliza Mama Edson, "mbona baba hali?"

Dorothea aliivuta ile sahani iliyojaa, akaisogeza kwake. Akalichukua boksi, akalitoboa juu, akaliweka kwenye maikrowevu, akasimama amewapa wageni mgongo hadi mashine ilipolia. Akalimimina kwenye sahani safi: samaki, mchicha, kipande cha dona. Mchoro wa sahani ulionekana kote.

"Baba anakula cha Joyceline," akawaambia. "Mimi ndiye niliyemwambia ale."

Elimringi alikula. Dorothea alikaa karibu yake akiitazama ile sahani yenye nafasi, mkono wake ameukalia, na alimchukia Joyceline pale kuliko alivyowahi kumchukia, kuliko hata asubuhi ile ya dripu.

Jumamosi iliyofuata, Elimringi akiwa kazini, Dorothea aliendesha mwenyewe hadi Houston akimlaani Joyceline njia nzima. Joyceline alifungua mlango, akashtuka, akasema karibu dada. Dorothea hakuitika. Alisimama kizingitini amenyoosha mikono, akapokea maboksi ya wiki nzima, akayapakia kwenye gari na kurudi kumlisha mume wake.